Jinsi ya Kumtafuta Nondo wa Mti wa Joshua Katika Jangwa la Mojave

Mtu aliyezoea kutafuta nondo hufungasha taa kali na shuka jeupe, husubiri usiku usio na mbalamwezi, kisha huuacha mwanga umletee wadudu alipo. Katika Jangwa la Mojave, kusini-magharibi mwa Marekani, mbinu hiyo itamletea nondo wakubwa wenye mistari myeupe mabawani na wengine wengi wa kila rangi, lakini si ya kutegemewa kwa nondo anayezungumziwa hapa. Nondo wa mti wa Joshua huyapitisha maisha yake mafupi ya utu uzima katika maua ya mti wa aina moja tu. Anayetaka kumwona hana budi kwanza kuujua mti, kuyajua maua yake, na kujifunza kutazama ndani ya ua bila kulivunja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mti, na msomaji asishangae.

Kutambua ni nondo yupi unayemtafuta

Mti wa Joshua ni aina ya yucca, mmea wa ukoo mmoja na mkonge, na yeyote aliyewahi kuchomwa na ncha ya jani la mkonge atautambua udugu huo mara moja. Miti hiyo iko ya aina mbili. Upande wa magharibi wa jangwa, ikiwemo Mbuga ya Taifa ya Joshua Tree na Antelope Valley huko California, hupatikana Yucca brevifolia, ambayo kwa kawaida husimama kwa shina moja refu kabla ya kuanza kutoa matawi. Upande wa mashariki, kuanzia Cima Dome katika Hifadhi ya Taifa ya Mojave hadi kusini mwa Nevada, kusini-magharibi mwa Utah na kaskazini-magharibi mwa Arizona, hupatikana Yucca jaegeriana, ambayo ni fupi zaidi, ina majani mafupi zaidi, na huanza kugawanyika matawi karibu na ardhi.

Kila mti una nondo wake. Tegeticula synthetica huchavusha mti wa magharibi na Tegeticula antithetica huchavusha ule wa mashariki. Hadi 2003 wote wawili walihesabiwa kuwa spishi moja. Mwaka huo ndipo Olle Pellmyr na Kari Segraves walipomtenga yule wa mashariki na kumpa jina lake. Kwa macho matupu ni vigumu kuwatofautisha, ingawa wa mashariki ni mdogo zaidi, na ushauri wangu ni kwamba usijisumbue kuwapima: tazama mti uliosimama mbele yako, nao utakuambia jina la nondo. Ubaguzi muhimu wa kanuni hiyo ni Tikaboo Valley huko Nevada, ambako miti ya aina zote mbili huota pamoja na kuzaa machotara, na nondo wa aina zote mbili huruka katika bonde hilohilo. Anayeanza asianzie huko.

Nondo wenyewe ni wadogo, mwili ukiwa na urefu wa takriban sentimita moja. Ndugu zao wengi wanaoishi kwenye yucca nyingine ni weupe, hata wakitulia ndani ya ua huonekana kama kipande cha petali. Hawa wa mti wa Joshua wana rangi ya kijivu iliyoiva, na mtazamaji asiyejua huwapita akidhani ni nyigu mdogo au takataka iliyonasa kwenye ua.

Kuchagua mahali na majira

Miti ya Joshua haioti kila mahali jangwani. Huipenda miteremko na tambarare zilizoinuka, zaidi kati ya mita 400 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako majira ya baridi huleta theluji kidogo na usiku wa barafu, nayo majira ya joto huweza kupita nyuzi 40 za Selsiasi. Ndani ya Mbuga ya Joshua Tree tofauti hiyo huonekana wazi: nusu ya mashariki, iliyo chini ya takriban mita 900, ni sehemu ya jangwa jingine lenye joto zaidi, na humo utaona vichaka vya kreosoti na mipungate lakini hutaona msitu wa miti ya Joshua. Pandia upande wa magharibi, kama vile Queen Valley, Lost Horse Valley, Black Rock au Covington Flats, panaposifiwa kwa miti mikubwa.

Maua hutoka kwa kawaida kati ya mwisho wa Februari na Aprili, yakianzia maeneo ya chini na kupanda taratibu kuelekea ya juu, ambako yanaweza kuchelewa hadi Mei. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hupanga safari kwa kalenda. Mti huu hauchanui kila mwaka. Unahitaji mvua iliyonyesha kwa wakati unaofaa, na inaaminika kwamba baridi kali ya kipupwe nayo huusaidia. Kuna miaka ambayo bonde zima halitoi hata kichala kimoja cha maua, na mwaka wa namna hiyo hakuna haja ya kumtafuta nondo juu ya mti, maana hayupo huko. Kabla ya kufunga safari, tafuta picha zilizopigwa wiki hiyohiyo na wageni wengine, au uwaulize walinzi wa mbuga iwapo vichala vimefunguka. Kichala kilichokauka hakina faida kwako, na kilicho bado kama bumba la kijani halijawa ua. Unachotaka ni kile ambacho maua yake ya chini yamefunguka na ya juu bado yamefumba, kwa kuwa hapo utapata maua mapya kila siku kwa siku kadhaa.

Ukiwa na muda, jizoeze pia kuusoma mti wenyewe. Tawi la mti wa Joshua huendelea kurefuka bila kugawanyika mpaka ncha yake itoe maua, au mpaka ncha hiyo iharibiwe na mdudu. Baada ya hapo ndipo linapotoa panda. Mti wenye panda nyingi, basi, mara nyingi ni mti uliochanua mara nyingi, na ndio wa kuuendea kwanza.

Vifaa

Hutahitaji vingi. Beba lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi, darubini ndogo inayoweza kulenga karibu, tochi isiyo kali sana, daftari, penseli, na kioo kidogo chenye mpini mrefu kama kile ambacho daktari wa meno hukitia kinywani. Hiki cha mwisho ndicho nisichokubali kukiacha. Ua la mti wa Joshua lina petali nene kama nta na halifunguki kwa upana, hivyo ukitazama kutoka nje utaona mgongo wa petali tu. Kioo kikiingizwa chini ya mdomo wa ua hukuonyesha kila kinachoendelea ndani bila kuligusa.

Vaa miwani hata kama huihitaji kwa kusomea. Majani ya mti huu ni majambia yaliyochongoka, na vichala vilivyo chini ya kutosha kutazamwa huwa katika usawa uleule wa macho yako. Beba maji yasiyopungua lita nne kwa mtu mmoja kwa siku, na usitegemee simu kushika mtandao.

Kuukaribia mti

Huu ndio upande ambao miongozo mingi huupitia haraka, ilhali ndio unaoamua kama mwaka ujao kutakuwa na nondo. Kiwavi wa nondo huyu, akishamaliza kula, hushuka kutoka kwenye tunda, hujichimbia udongoni na kujifumia kifukofuko cha hariri kilichochanganyika na chembe za mchanga. Humo hukaa mpaka majira ya kuchipua ya mwaka unaofuata au hata baadaye zaidi. Kwa maneno mengine, wakati wewe umesimama chini ya mti ukitazama juu, kizazi kinachongoja kinaweza kuwa chini ya soli za viatu vyako. Kwa hiyo mwendee mti kwa njia moja tu, rudi kwa njia hiyohiyo, na inapowezekana ukanyage mwamba au mchanga wa mkondo mkavu, si ule udongo wenye gamba jeusi la vijimea ambalo likivunjwa huchukua miaka mingi kujijenga tena.

Usipindue magogo yaliyoanguka. Chini yake huishi mjusi mdogo wa usiku ambaye hufanya gogo la yucca kuwa nyumba yake ya maisha, na nyoka mwenye kayamba mkiani naye hukipenda kivuli hichohicho. Usikate wala usikunje tawi ili kulishusha kichala, hata kama kinakukosa kwa shibiri moja. Mti huu hurefuka kwa sentimita chache tu kwa mwaka. Tawi unalolivunja kwa sekunde moja linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko wako. Isitoshe, tangu 2023 California ina sheria mahususi ya kuuhifadhi mti wa Joshua wa magharibi, na ndani ya mbuga za taifa ni marufuku kukusanya mdudu, ua, tunda au mbegu bila kibali. Tafuta mti mfupi wenye kichala kilicho chini. Hukosekana mara chache ukitembea kidogo zaidi.

Kutazama ndani ya ua

Anza asubuhi, jua likiwa limepanda kiasi cha kukuwezesha kuona bila tochi. Chagua kichala kimoja na ukae nacho. Ni afadhali kutazama maua ishirini ya kichala kimoja kwa utulivu kuliko kukimbia kutoka mti hadi mti, kwa sababu nondo akishtuliwa hujisukuma ndani zaidi, nyuma ya stameni, yaani vijiti vya kiume vya ua vyenye chavua, na hutamwona tena kwa muda mrefu. Utasikia kwanza harufu nzito ya maua, ambayo wengi huifananisha na ya uyoga. Ingiza kioo taratibu kutoka chini na uangalie sehemu tatu kwa mpangilio huu: sakafu ya ua palipo na stameni, pembeni mwa ovari, yaani kifuko cha mbegu changa, kisha kilele cha shingo ya ua, yaani stigma.

Ukimwona mdudu wa kijivu, mtazame chini ya kichwa kwa lenzi. Ikiwa kuna donge la manjano lililobanwa shingoni kama mtu aliyebeba mzigo kwa kidevu, umempata, na ni jike. Donge hilo ni chavua. Jike wa nondo hawa ana vishikio viwili maalumu vinavyoota mdomoni, ambavyo nondo wengine hawana, na kazi yake pekee ni kukwangua chavua kutoka kwenye stameni, kuifinyanga na kuibeba. Dume hana vishikio hivyo. Jike ambaye bado hajakusanya hatakuwa na donge, kwa hiyo ukikuta nondo mtupu usikate tamaa wala usijipongeze mapema: anaweza kuwa dume, anaweza kuwa jike mpya, na anaweza kuwa Prodoxus, nondo wa ukoo huohuo aishiye juu ya yucca bila kuichavusha, ambaye jike lake halina kabisa vishikio vya chavua.

Sasa subiri. Jike mwenye mzigo akiingia ua jingine, kwanza hulizunguka na kulipapasa kama anayekagua nyumba ya kupanga. Akiridhika, hupanda juu ya ovari na kuingiza mrija wake wa kutagia. Kwa yucca nyingine nondo hutoboa ukuta wa ovari. Kwa mti wa Joshua hupitisha mrija huo kupitia shingo ya ua, akiuteremsha mpaka zilipo mbegu changa, na hapo ndipo hutaga yai. Ndiyo sababu urefu wa mrija wa nondo wa mashariki na wa magharibi umelingana na urefu wa shingo ya maua ya mti wa kila mmoja. Muda huo wote fumbatio lake hutulia karibu bila kutikisika, nawe utulie vilevile.

Kinachofuata ndicho ulichokisafiria. Akishatoa mrija, hupanda hadi kwenye stigma, hukunjua vishikio, huchota chavua kidogo kutoka kwenye donge lake na kuisokomeza kwa mwendo wa kupiga mbele na nyuma, kama mtu anayeshindilia kiko. Wachavushaji wengi, nyuki akiwemo, hupaka chavua kwa bahati wakiwa katika shughuli ya kutafuta chakula. Nondo huyu hanywi chochote ndani ya ua. Anaweka chavua kwa makusudi ya kimaumbile, kwa kuwa ua lisilochavushwa halitazaa mbegu na watoto wake hawatakuwa na cha kula. Mtaalamu wa mimea George Engelmann aliliona jambo hili kwa yucca za St. Louis mnamo 1872, akamwachia mtaalamu wa wadudu Charles Riley alichunguze, na Charles Darwin alipopata habari aliandika katika barua ya 1874 kwamba hajapata kusoma juu ya uchavushaji wa ajabu kuliko huo. Ukiuona kwa macho yako kupitia kioo cha daktari wa meno, hutadhani alitia chumvi.

Wakati maua hayapo

Ukifika ukakuta mwaka ni mkavu na miti haijachanua, usidhani nondo wameangamia. Wako chini ya udongo, na uwezo wa ukoo huu wa kulala ni wa kushangaza. Jerry Powell wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliweka viwavi wa aina moja ya Prodoxus waliokusanywa Nevada, na baadhi yao waligeuka kuwa nondo kamili baada ya miaka 20, 25, na hata 30. Hatuwezi kuuhamishia moja kwa moja muda huo kwa nondo wa mti wa Joshua, lakini usingizi wa zaidi ya mwaka mmoja ni jambo la kawaida kwao, na bila huo mwaka mmoja usio na maua ungetosha kuwafuta.

Usingizi huo hauwakingi dhidi ya kila kitu. Mnamo Agosti 2020 moto uliowashwa na radi uliunguza zaidi ya ekari 43,000 huko Cima Dome, na inakadiriwa kwamba miti ya Joshua ipatayo milioni 1.3 iliteketea. Nondo anayeweza kungoja mvua hawezi kungoja msitu mpya uchukue miongo kukua. Ukitembelea eneo lililoungua, tazama ukingoni, pale mti mmojammoja uliosalia unapochanua, na uandike umbali kati yake na msitu mzima ulio karibu. Taarifa ya namna hiyo ni ya thamani kuliko picha ya kumi ya ua kwenye bonde linalotembelewa na kila mtu.

Kurudi baada ya maua

Safari ya pili, mnamo Mei au Juni, huwafaa walioshindwa kumwona nondo mwenyewe. Matunda huwa yamekomaa kwa wakati huo: makubwa kiasi cha yai la kuku au zaidi, mepesi, yenye nyama kavu kama sifongo, na hayapasuki yenyewe yanapoiva. Chunguza kwa darubini yaliyo mtini na kwa lenzi yaliyoanguka. Ndani ya tunda mbegu nyeusi bapa hupangwa safu sita, zikibebana kama sarafu, na kiwavi hula akifuata safu moja, akiacha nyuma yake handaki lenye vumbi huku mbegu za safu za jirani zikibaki salama. Anapokuwa tayari kuteremka, hutoboa ukuta na kutoka, na tundu dogo la mviringo ndilo alama yake. Matunda yaliyopasuliwa na kindi wa jangwani hukuonyesha haya yote bila wewe kuvunja kitu, kwa hiyo anza na mabaki yake.

Katika daftari lako andika tarehe, mwinuko, aina ya mti, idadi ya matunda na idadi ya matundu. Hesabu ya matunda isiachwe hata kama hukuona tundu hata moja, kwa sababu mti wa Joshua hauna mchavushaji mwingine wa kutegemea: kila tunda linaloning'inia pale juu, lenye tundu au lisilo nalo, lilianza siku ambayo nondo mmoja wa kijivu alipanda kwenye stigma akiwa na mzigo wake.